Pumzi ya Mgonjwa wa Sukari



Watu wengi wamekwisha kusikia kwamba ugonjwa wa sukari huharibu miguu, macho na mafigo. Ni wachache wanaojua kwamba unagusa pumzi pia. Mimi mwenyewe zamani sikulijua jambo hili vizuri, na kwa kutojua kwangu mtoto wa watu alikufa. Nitaanza kwa habari hiyo, ingawa si rahisi kwangu kuiandika.

Nilikuwa munganga kijana, peke yangu katika dispensari moja ya mlimani. Jioni moja ya mvua wakaleta msichana wa miaka 13 juu ya kipoyi. Mama yake akasema: "Majuma matatu sasa mtoto ana kiu isiyokwisha. Anaamka usiku kunywa maji, anaamka tena kukojoa. Anakula, lakini anakonda. Tangu jana anatapika na tumbo linamwuma." Nilitazama kifua chake. Alikuwa akivuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, kama mtu aliyepanda mlima mbio, naye amelala tu. Nje watu walinong'ona kwamba amelishwa sumu.

Nikaweka chombo cha kusikilizia juu ya kifua. Mapafu yalikuwa safi, wala sikusikia mkwaruzo hata kidogo. Jambo hilo lingenifundisha, lakini sikufundishika. Nikaandika: malaria na nimonia. Nikamtundikia kinini ndani ya seramu ya sukari, kama tulivyozoea. Tukaomba pamoja. Usiku akalala usingizi ambao hatukuweza kumwamsha, na kabla ya jua kutoka akafa.

Baada ya maziko shangazi yake akaniambia neno moja: mahali mtoto alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuwa wakikusanyika. Ndipo nikaelewa. Mkojo wake ulikuwa na sukari, na mimi nilimwongezea sukari katika damu. Karatasi za kupimia mkojo zilikuwamo kabatini mwangu. Sikuzitumia.

Kwa sababu hiyo naandika somo hili. Msomeeni na asiyejua kusoma.

MIVUKUTO YA KIFUA

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinatuambia kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mavumbi, kisha akampulizia pumzi ya uhai. Tangu mtoto anapolia mara ya kwanza mpaka siku ya mwisho, kazi ya pumzi haina siku ya kupumzika. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika moja. Hesabu ya siku moja hufika karibu mara elfu ishirini.

Wengi hufikiri kwamba mapafu hujivuta yenyewe. Sivyo. Mmemwona mhunzi akifua jembe? Moto wake unahitaji upepo, na upepo unatoka katika mivukuto. Lakini mivukuto haijazi yenyewe. Lazima mkono wa mtu uinue na kushusha. Mapafu yetu ni kama ile mifuko ya ngozi. Mkono unaoivuta ni misuli.

Msuli mkubwa kuliko yote katika kazi hii unaitwa kiwambo. Umetandazwa chini ya mapafu kama ngozi juu ya ngoma, nao unatenga kifua na tumbo. Ukijikaza unashuka, kifua kinapanuka, na hewa inaingia. Ukilegea unapanda, na hewa inatoka. Misuli ya katikati ya mbavu inausaidia. Kiwambo hupokea amri kwa njia ya mishipa miwili ya fahamu inayoshuka kutoka shingoni, mmoja kuume na mmoja kushoto.

Ndani ya mapafu hewa inafika katika vifuko vidogo sana, mamia ya milioni kwa hesabu. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Hapo damu inapokea hewa njema na kutoa hewa iliyochafuka. Ukuta wa kati ni mwembamba kabisa, maana ungekuwa mnene hewa isingepita upesi.

Kwa hiyo pumzi njema yahitaji mambo manne: misuli yenye nguvu, mishipa ya fahamu inayopeleka amri, mapafu laini yanayopanuka, na ukuta mwembamba kati ya hewa na damu. Ugonjwa wa sukari unaweza kugusa yote manne.

JINSI SUKARI INAVYOHARIBU POLEPOLE

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kinatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo: inafungulia sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia ndani ya misuli. Kwa wengine kongosho huacha kutoa insulini. Hao mara nyingi ni watoto na vijana. Kwa wengine insulini ipo, lakini mwili hauitikii vema. Hao mara nyingi ni watu wazima, hasa wenye tumbo kubwa, ingawa wembamba nao hupata. Kwa namna zote mbili sukari hubaki katika damu, na misuli inalia njaa karibu na ghala iliyojaa.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kwangu mwaka mmoja akisema, "Munganga, nimezeeka kabla ya wakati. Zamani niliimba mstari wote kwa pumzi moja. Sasa nakatika katikati. Nikipanda njia ya kanisani lazima nisimame mara tatu." Hakuwa na kikohozi wala homa. Hakuwa mvutaji wa tumbako. Tulipompima asubuhi kabla ya kula, sukari yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachofaa. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi siku nyingi, lakini alifikiri ni uzee. Munganga mkuu akapima moyo wake na damu yake, asione ubaya hapo. Kisha akampa chombo cha kupulizia, na chombo kikaonyesha kwamba pumzi yake ilikuwa pungufu.

Ni nini iliyompata? Kwanza, misuli. Msuli usiopata chakula chake unadhoofika, na kiwambo ni msuli kama wa mguu au mkono. Walimu wa uganga wamepima nguvu ya kuvuta pumzi kwa wagonjwa wa sukari, na mara nyingi wameikuta imepungua.

Pili, mishipa ya fahamu. Sukari nyingi ya miaka mingi huiharibu. Ndiyo sababu mgonjwa anakanyaga mwiba asisikie. Kwa wagonjwa wengine ubaya huo unafika hata kwenye mishipa ya kiwambo, na amri inafika imechelewa au imedhoofika.

Tatu, mapafu na kifua vinakuwa vigumu. Chovya kitambaa katika maji ya muwa, ukianike juani. Kikikauka hakikunjiki vizuri tena. Vivyo hivyo sukari ya damu hushikamana na nyuzi za mwili, zile zinazofanya mapafu yavutike na kurudi. Siku kwa siku nyuzi zinakazana, na mapafu hayapanuki kama zamani.

Nne, kuta za mishipa midogo zinanenepa. Munganga huliona jambo hili katika macho na mafigo. Katika mapafu pia linaweza kutokea, na hewa inapita kwa taabu zaidi. Tena mwenye tumbo kubwa anajiongezea mzigo, maana mafuta yanasukuma kiwambo juu kisipate nafasi ya kushuka.

Sasa msiogope kupita kiasi. Kwa wagonjwa wengi upungufu huu si mkubwa. Mungu ametupa mapafu yenye akiba, na aliyeketi kivulini huenda asisikie neno lolote. Lakini akiba ikipungua, shida inaonekana siku ya kupanda mlima, siku ya kupasuliwa hospitalini, au siku nimonia inapobisha hodi. Mwenye debe mbili za maharagi hashtuki panya wakila nusu debe. Mwenye nusu debe atalala njaa.

Angalia jambo hili pia: si kila kukosa pumzi kwa mgonjwa wa sukari ni kwa ajili ya misuli. Huenda ikawa moyo, mafigo, au upungufu wa damu. Tena mgonjwa wa sukari anaweza kupatwa na ugonjwa wa ghafula wa moyo bila maumivu makali ya kifua, akasikia tu kwamba pumzi imekatika na jasho linamtoka. Basi asijipimie mwenyewe nyumbani. Aje.

PUMZI NDEFU YA HATARI

Turudi kwa yule msichana. Ubaya wake ulikuwa wa upesi.

Insulini ikikosekana kabisa, mwili hauwezi kutumia sukari. Unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Kuchoma huko kunatoa moshi wake, ndiyo asidi, kitu kikali kama maji ya ndimu. Asidi inajaa katika damu. Ubongo unasikia hatari na kuamuru kifua: vuta kwa nguvu, toa kwa nguvu! Maana hewa chafu tunayoitoa nayo ina asidi, na kwa kuitoa kwa wingi mwili unajaribu kuisafisha damu. Mapafu yenyewe hayana ugonjwa. Yanafanya kazi ya kuokoa nyumba inayoungua. Ndiyo sababu nilisikia kifua safi.

Munganga mmoja wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, aliandika habari za pumzi hii katika mwaka wa 1874, na hata leo inaitwa kwa jina lake. Wakati wake mgonjwa wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Katika mwaka wa 1921, mjini Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kutoa insulini katika kongosho la mbwa. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akapigwa sindano ya insulini, wa kwanza katika watu. Alikuwa karibu kufa, naye akaishi miaka mingine 13. Tangu siku ile ugonjwa huu si hukumu ya kifo tena, kama mgonjwa akifika kwa wakati na dawa ikiwapo.

Zishikeni dalili hizi: kiu kubwa, mkojo mwingi, kukonda upesi, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi ndefu na nzito, harufu ya matunda yaliyoiva mno kinywani, na mwisho usingizi mzito. Mtoto aliyezoea kulala bila kukojoa kitandani akianza tena kukojoa, naye ana kiu, msimpige. Mleteni apimwe.

Sasa nasema na waganga wenzangu wa dispensari. Malaria kali nayo huweza kuleta pumzi nzito za namna hii, na mara nyingi inashusha sukari ya damu, hasa kwa watoto. Mgonjwa huyo anahitaji seramu ya sukari upesi, asipopata atakufa. Mgonjwa wa insulini iliyokosekana anahitaji seramu ya chumvi pamoja na insulini, na sukari ya haraka inamwumiza. Kwa macho wanafanana. Tone moja la damu katika mashine ndogo linawatenganisha, kazi ya dakika moja. Mashine ikikosekana, pima mkojo. Kabla ya kutundika chupa, pima.

KIFUA KIKUU NA NIMONIA

Sukari nyingi inawalegeza askari wa damu wanaopigana na vijidudu. Kwa hiyo mgonjwa wa sukari anapata nimonia kwa urahisi zaidi, na kifua kikuu kinampata mara mbili au tatu kuliko mtu mwingine. Hapa kwetu katika Kongo, ambako kifua kikuu ni kingi, neno hili ni zito.

Basi sheria ni mbili. Mgonjwa wa sukari akikohoa majuma mawili, atoe makohozi yapimwe. Na kila mgonjwa wa kifua kikuu apimwe sukari. Akiwa na magonjwa yote mawili, atibiwe yote mawili pamoja, maana sukari isipotulizwa kifua kinachelewa kupona. Tena amwambie munganga dawa zote anazomeza. Rifampisini, ile dawa inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, inapunguza nguvu ya vidonge fulani vya sukari, na huenda munganga akabadili kipimo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Tuliza sukari. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya pumzi. Bugali si dhambi, lakini usijaze sahani. Weka sombe au lenga-lenga nusu ya sahani, maharagi au samaki robo, na bugali au ndizi robo iliyobaki. Chai bila sukari. Vinywaji vitamu vya chupa viache, na kasiksi pia.

2. Tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, kwa mwendo wa kuharakisha kidogo. Vaa viatu, na angalia nyayo zako jioni. Anayetumia insulini achukue sukari kidogo mfukoni; akisikia kutetemeka, jasho na njaa ya ghafula, ailambe mara moja.

3. Zoeza kiwambo. Lala chali, kunja magoti, weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka mkono uinuke. Kisha toa polepole kwa midomo iliyofinywa, kama mtu anayepoza chai. Fanya hivi dakika tano, asubuhi na jioni. Ukisikia kizunguzungu, pumzika. Na kuimba kunasaidia pia. Mstari mrefu wa wimbo ni mazoezi ya kiwambo ambayo hayana gharama.

4. Ondoa moshi. Acha tumbako kabisa. Akina mama, pikeni nje, au fungueni dirisha la jikoni. Makala ndani ya nyumba iliyofungwa usiku huua hata mtu mzima.

5. Tunza insulini. Chupa zisizofunguliwa zakaa katika baridi ya friji, lakini zisigande. Chupa iliyofunguliwa inadumu karibu majuma manne mbali na jua. Asiye na friji achukue chungu kidogo, akiweke ndani ya chungu kikubwa, ajaze mchanga kati yao, aulowanishe kila siku, na afunike kwa kitambaa kibichi. Ndani yake kuna ubaridi.

6. Siku ya homa usiache insulini. Wengi husema, "Sikula leo, basi sindano ya nini?" Hapo ndipo pumzi ya hatari inapoanza. Mwili mgonjwa mara nyingi unahitaji insulini zaidi. Kunywa maji, pima, na ukitapika usingoje kesho.

MAOMBI NA SINDANO

Ndugu zangu, nasema nanyi sasa kama mhubiri. Kuna watu wanaomwambia mgonjwa, "Tumekuombea, umepona, tupa sindano." Nimewaona waliotupa. Kwa mgonjwa ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini, siku chache tu zinatosha kumleta kwenye ile pumzi nzito.

Naamini Mungu anaponya. Lakini someni 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona aibu kutumia dawa. Aliyeponywa na Mungu hataogopa kupimwa: aje na sindano yake mkononi, na damu itashuhudia. Mpaka hapo, mwombeeni na mkumbusheni saa ya sindano. Kanisa linaloweza kuchanga mabati linaweza kuchanga nauli ya mgonjwa mmoja kwenda kuchukua dawa.

Mwalimu wa kwaya yu hai. Alishika chakula, vidonge, kutembea, na yale mazoezi ya tumbo. Hakurudi kuwa kama kijana, na ganzi ya nyayo haikutoka. Lakini sasa anasimama mara moja tu njiani, si mara tatu, na mistari mingi anaimaliza.

Na yule msichana? Miezi miwili baada ya kifo chake nilipanda kwa mama yake, nikamweleza kosa langu lote, chupa niliyotundika na karatasi zilizokuwa kabatini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na mdogo wake, utampima?" Nikampima hapo hapo uwanjani. Hakuwa na ugonjwa. Tangu siku ile, akiwa na homa au kiu, mama yake humshika mkono na kumleta, wala hangojei jioni.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mkimwona mtu anahema naye amelala, ulizeni habari ya kiu na ya mkojo. Kisha mleteni upesi, na njiani mwombeeni.